Karanga Tulizobakiza Nyumbani

Mama ana miaka 71 na macho yake hayaoni tena vizuri vitu vya karibu. Zamani ungo ukikaa mapajani mwake, vidole vilikuwa vinakimbia kama vya mchezaji bao: nzima huku, iliyosinyaa kule, iliyotobolewa na mdudu pembeni. Mwezi wa sita mwaka huu nilikaa naye kwenye mkeka chini ya mwarobaini, nyumbani kwetu upande wa Mlali, wilayani Kongwa. Aliposema ungo umekwisha, niliuchukua nikaupitia upya. Nilitoa karanga mbovu zikajaa kiganja.

Ninaandika haya kwa ajili ya hizo za kiganjani.

Tangu nipate akili, utaratibu wa kwetu ulikuwa mmoja. Karanga zikishamenywa zinachambuliwa. Kubwa na nzima zinakwenda kwenye gunia la kuuza, maana mnunuzi wa Kibaigwa anataka mali safi. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la njano kwenye mpasuko, hizo zinabaki nyumbani. Zinatwangwa, zinatiwa kwenye mlenda, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeona ubaya. Ugogo mvua ikikata mwezi wa pili unajua mwaka umeharibika, na mtu aliyekua akisimuliwa njaa na wazazi wake hawezi kutupa chakula. Baba ndiye alikuwa mkali kuliko wote kwenye hilo. Alikuwa akikaa na wageni barazani, anaongea, mkono unaokota kwenye rundo la mbovu, anatafuna. Rundo la kuuza hakuligusa. Zile zilikuwa ada zetu za shule.

Baba alifariki mwezi wa nane mwaka 2019, akiwa na miaka 66, kwa saratani ya ini.

Ilianza kama maumivu chini ya mbavu za kulia. Kituo cha afya alichokwenda kwanza walimwambia ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akazimaliza, akapewa nyingine. Miezi minne ikapita hivyo, bila mtu kumlaza kitandani na kumbonyeza tumbo vizuri. Bado inaniuma. Suruali zikaanza kumshuka kiunoni, tumbo likawa linapanda. Majirani wakasema mzee kachezewa. Shangazi akaleta mtu wa mizizi. Nilipokwenda nyumbani likizo ya mwezi wa sita nikaona macho yake ni ya manjano kama manjano ya pilau, siku ileile tukapanda gari kuja Dodoma mjini.

Daktari aliyemfanyia altrasaundi alikuwa kijana, mpole. Alinigeuzia kioo nione. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sijui kusoma picha zile, lakini niliona kitu cha mviringo kimekaa pale kikubwa kuliko ngumi ya baba. Akaniuliza maswali mawili. La kwanza, kama mzee alishawahi kupimwa homa ya ini. La pili, kama kwetu tunakula sana mahindi na karanga. La pili lilinichukiza. Niliona anatudharau, watu wa kijijini na vyakula vyao. Kumbe alikuwa anauliza jambo lenyewe.

Sumukuvu. Wataalamu wanaiita aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu wanaokaa kwenye udongo, ambao huingia kwenye karanga na mahindi hasa mmea ukipata shida ya jua kali mwishoni mwa msimu, halafu huzidi kama mavuno hayakukauka vizuri au yamehifadhiwa kwenye unyevu. Ukiangalia hali ya hewa ya Dodoma unaona kabisa kwa nini sisi tuko kwenye njia yake. Sumu yenyewe haina rangi wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Inapoliwa kidogo kidogo miaka na miaka inaharibu ini, na Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara.

Ikiliwa nyingi kwa wakati mmoja inaua mapema. Wasomaji wa huku watakumbuka mwaka 2016, watu wa Chemba na Kondoa, na wenzao wa Kiteto mkoani Manyara, walipoanza kuvimba matumbo, kutapika na kuwa na macho ya manjano. Wiki kadhaa uliitwa ugonjwa wa ajabu. Watu karibu 20 walifariki. Yalikuwa ni mahindi yenye sumukuvu. Mimi nilisikia redioni nikasikitika, kisha jioni nikala mlenda wa karanga tulizoletewa kutoka nyumbani, bila kuunganisha mambo hayo mawili. Na kwetu ni Kongwa, pale ambapo Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 kufungua mashamba makubwa ya karanga na mradi ukawashinda. Karanga ni jina letu. Hatukuwahi kuziogopa.

Sitasema karanga ndizo zilizomuua baba. Hakuna daktari anayeweza kumshika mgonjwa mmoja na kusema hivyo kwa uhakika. Kipimo chake cha homa ya ini aina ya B kilionyesha anavyo virusi, na pengine alikuwa navyo tangu utotoni. Lakini nilichoelezwa siku ile, na ambacho nimekisoma tena na tena tangu siku hiyo, ni kwamba virusi hivyo na sumukuvu vikikutana kwenye ini la mtu mmoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Baba alikuwa na vyote viwili. Mwezi wa nane tulimzika.

Baada ya arobaini nilimwambia mama kwamba karanga za rundo la mbovu hazitaingia tena kwenye chungu. Alinyamaza. Kisha akasema basi wapewe kuku. Nikamwambia kuku nao wanaumia, na ng'ombe akila pumba yenye sumu inapita hadi kwenye maziwa. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa achome pesa. Siku ile tulichimba shimo nyuma ya choo, yeye mwenyewe akamimina debe zima, akafukia. Hakuniongelesha hadi jioni.

Mambo mengine yalikuwa mepesi kuyabadili. Tulikuwa tunaanika karanga chini, kwenye udongo. Sasa tunatumia turubai, na jua likizama tunazikunja zisinyonye umande. Magunia yamepandishwa kwenye chaga, mbali na ukuta. Mahindi ya kula yanawekwa kwenye ile mifuko ya kinga njaa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia nje, ukiifunga vizuri hewa haiingii na wadudu wanakufa bila dawa. Kuna moja lilitushtua wote. Kumenya karanga kwa mikono kunaumiza vidole, kwa hiyo kina mama wa kwetu hunyunyizia maganda maji usiku ili asubuhi yawe laini. Mama amefanya hivyo maisha yake yote na ndiye aliyenifundisha. Ndiyo njia ya uhakika ya kuwakaribisha kuvu. Tumeacha, tunamenyea kavu, vidole vinauma.

Mjini mambo ni magumu kidogo kwa sababu hujui karanga imetoka wapi. Sokoni Majengo nimejifunza kuinama na kuchota kutoka chini ya ndoo, si juu. Zile za bei ya chini, zilizovunjika, ambazo wengi tunachukua kwa ajili ya kutwanga, sizinunui tena. Nanunua chache nzima, nakwenda kuzichambua mwenyewe kisha ndipo nasaga. Ikiwa na mkunjo, doa, tundu au imeota, inatoka. Sumu haisambai sawasawa; karanga chache mbovu ndizo hubeba sehemu kubwa, kwa hiyo mkono wako unafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Na tafadhali, unga wa uji wa lishe wa mtoto. Karanga iliyokwisha kusagwa haikuambii kitu. Mtoto wa miezi minane anakunywa uji huo kila siku. Nunua nafaka, chambua, peleka mashine. Uwele na mtama, vyakula vya bibi zetu ambavyo watoto wa mjini wanavikimbia, kwa kawaida hushikwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Nyumbani kwangu Nkuhungu tumerudi kwenye ugali wa uwele mara tatu kwa wiki.

Kuhusu kupima. Mwezi uliofuata mazishi tulikwenda watoto wote wanne. Homa ya ini B inapimwa kwa damu kidogo tu, unasubiri dakika chache kwenye benchi. Chanjo yake Tanzania ilianza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo sisi wote tuliozaliwa kabla hatukuipata, isipokuwa aliyejitafutia mwenyewe ukubwani. Watatu tulikuwa salama, tukaanza chanjo: ya kwanza siku ileile, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Mdogo wangu wa kiume, ninayefuatana naye, alikutwa na virusi.

Alitoka kwenye chumba kile ameshika karatasi kama anashika kitu cha moto. Miaka 38, ana watoto wawili, haumwi popote. Wifi yangu na watoto wakapimwa, wako salama, na wifi akachanjwa. Tulipofika kijijini kumweleza mama, jioni nikaona ameandaa chakula kwenye sinia la kawaida, halafu pembeni kuna sahani ya plastiki ya bluu na kikombe chake. Mdogo wangu aliiona kabla yangu. Hakusema neno, akaivuta ile sahani akaanza kula peke yake, kichwa chini. Nilisimama nikaichukua, nikamimina ugali wake kwenye sinia. Nikamwambia mama: virusi hivi havipiti kwenye chakula wala sahani. Vinapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mama akalia, akasema, "Sikujua, mwanangu, nilikuwa naogopa kuwapoteza na wengine." Sahani ile sasa ni ya kuchotea maji ya kuku.

Mdogo wangu ameacha pombe kabisa. Kila miezi sita anafanya altrasaundi ya ini na kupima damu. Mara ya kwanza nilimsindikiza, na nilipoona kioo kile nilishika ukuta. Ini lilikuwa safi. Mpaka leo ni safi. Uvimbe ukionekana ukiwa mdogo kuna kitu cha kufanya. Ule wa baba ulionekana siku ambayo hakukuwa na kitu.

Nikiwa kwenye mkondo huo nikajipima na la kwangu. Nilikuwa na miaka 41 na sikuwahi kuangaliwa mlango wa kizazi hata mara moja, mimi ninayewafundisha wasichana usafi wa mwili. Niseme wazi kilichonichelewesha: aibu. Sista alikuwa mtu mzima wa umri wa shangazi zangu, alinisalimu "Mbukwa" akijua lafudhi yangu, akavuta pazia. Unalala, anaingiza chombo cha kufungulia, anapaka siki kwa pamba. Unahisi baridi tu. Anasubiri kama dakika moja. Sehemu yenye tatizo hubadilika kuwa nyeupe. Kwangu ilionekana doa dogo. Akanieleza kwamba hiyo si saratani, ni mabadiliko ambayo yakiachwa miaka mingi yanaweza kuwa saratani, akayatibu kwa kuyagandisha wiki ileile. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kwangu ilizuiwa kwa siki, pamba na tochi.

Chanzo chake ni virusi vya HPV, na chanjo ipo. Ilianza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Shuleni kwangu siku ya chanjo madawati yalikuwa wazi, wazazi wamewaficha watoto kwa maneno kwamba itawafanya wagumba. Nilikwenda nyumba kwa nyumba jioni, nikiwa na binti yangu aliyekuwa amechanjwa asubuhi ile, mkono bado unamuuma. Wengine walifungua mlango, wengine hapana.

Mama sasa tumempeleka kuangaliwa macho. Ni mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Jana alipiga simu: magunia manne bado hayajachambuliwa na mnunuzi anakuja wiki ijayo, na wajukuu wakipewa ungo wanacheza. Nimemwambia asiguse hata moja ya kula mpaka nifike. Ijumaa tukifunga shule mdogo wangu ana altrasaundi yake saa nne asubuhi, tukitoka hapo tunapanda gari pamoja kwenda Mlali.