Siku moja kwenye kazi ya kufufua mizizi ya maneno

Saa moja asubuhi niko juu ya baiskeli, hapa Leiden, Uholanzi, upepo unakata masikio. Saa mbili nishawasha kompyuta. Mpaka saa tano ni kupanga maneno tu, Kigiriki cha kale, Kilatini, Kisanskrit ya India ya kale, Kiarmenia, lugha ndugu za mama mmoja, sauti kwa sauti, natafuta neno lililosemwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na watu ambao hawakuandika chochote. Ndo maana kila mzizi tunauwekea kinyota mbele, kwamba hakuna aliyeuona popote, tumeujenga.

Saa tano akaingia mzee mmoja na daftari lake. Kakusanya maneno yanayofanana dunia nzima, la kwanza mungu: Kigiriki theos, Kilatini deus, "hata mtoto anaona ni neno moja!" Nikamwambia mzee wangu hapana, th ya Kigiriki ikiwa mwanzoni mwa neno, kwenye Kilatini inaitikiwa na f, angalia moshi wa Kilatini, fumus, kwa Kigiriki ni thumos, maana imehamia rohoni, na Kisanskrit dhuma, moshi uleule, kwa hiyo ndugu wa theos Kilatini ni fanum, hekalu, wakati deus yuko na Zeus, mungu wa Wagiriki, na deva, mungu kwa Kisanskrit. Hataki. Anafungua ukurasa mwingine, tunaanza upya, chai imepoa, ananiambia nyie wasomi mnaficha ukweli, na hapo iliniuma kwa kweli, maana hiyo sheria ya f nimeikagua neno kwa neno mpaka macho yakavimba. Kaondoka saa nane, sijala.

Mchana sijui uliendaje. Nilikuwa na neno la namba mbili kwa Kiarmenia, erku. Iweke na duo ya Kilatini, zinafanana wapi? Ila ni neno moja, dw ya mwanzo Kiarmenia imegeuka rk, e ikaongezwa mbele, na inarudia hivyohivyo kwenye erkar, ndefu, ambayo Kigiriki ni deros. Mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet ndo aliliona hili, na mimi kila nikilipitia nasisimka.

Giza limeingia, miguu mizito. Mama kapiga toka Tanga, "mwanangu, hivi hiyo kazi hasa ni nini?" Nikamwambia mama, baiskeli tumeitoa kwa Waingereza, wao nusu yake, cycle ya bicycle, wameitoa kwa kyklos ya Kigiriki, gurudumu, mzizi wake *kwekwlos, na huohuo umezaa chakra kule India na wheel ya Kiingereza.

Akanyamaza kidogo. "Kumbe hata ile ya marehemu baba yako?"

Hata ile, mama.