Masomo ya mwaloni: mpango wa TEHAMA sasa unaanza na kalenda ya mwezi

Rasimu ya mpango wa TEHAMA wa kitengo chetu cha huduma kwa jamii hapa chuoni imebadilika sura. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya vifaa vya kununua. Sasa ni kalenda.

Sababu ni dagaa. Uvuvi wake hapa Ziwa Victoria ni wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazoa. Mbalamwezi ikishika, taa hazivuti tena na mitumbwi mingi hupumzika. Kipindi cha giza, mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze, Mwanza, yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tangu alfajiri, hana nafasi ya kumsikiliza mtu wa chuo. Kipindi cha mbalamwezi anayo. Muhula wa chuo haulingani kabisa na mzunguko huu, na naamini semina nyingi za vyuo kwenye mialo hukosa watu kwa sababu hiyo tu. Basi masomo marefu tumeyapeleka kwenye mbalamwezi. Wakati wa giza tutatuma ujumbe mfupi peke yake.

Kuhusu huo ujumbe, natofautiana na wenzangu wanaotaka kuanza na programu ya simujanja. Simu ninazoziona mikononi mwa kinamama wengi pale ni vitochi, simu ndogo za vitufe. SMS moja inabeba herufi 160, na Kiswahili kinaingia vizuri kwa kuwa hakina alama juu ya herufi. Ila kuna mtego: ukiandika "ng'" kwa ile alama iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe, badala ya iliyonyooka, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. SMS moja inakuwa mbili au tatu, na bili inapanda vivyo hivyo. Ukiweka kikatuni cha uso unaocheka, matokeo ni yaleyale. Nimeandika kichujio kidogo kinachosafisha alama hizo kabla ujumbe haujatoka. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye mradi huu hadi sasa.

Kwa vijana wenye simujanja tunaandaa kisanduku: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Kolibri, programu ya maktaba ya masomo, inayotoa masomo kwa waifai bila intaneti wala bando. Hesabu ya umeme imekaa. Kifaa kinataka volti 5 na ampea 3, yaani wati 15 kikifikia kikomo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 120, ambazo ni saa nane kabla ya kutoa kinachopotea kwenye kibadilishi cha volti. Jioni nzima inatosha, na mchana sola inarudisha.

Namba za simu zinahitaji uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na orodha ya namba za wachuuzi ni taarifa binafsi kama nyingine. Nimependekeza kila mama aelezwe kwa mdomo namba yake itatumika kwa nini, akubali mwenyewe, na akichoka atume neno ACHA aondolewe. Kuokota orodha ya kikundi na kuanza kutuma si sawa, hata kama nia ni njema.

Kilichobaki kikubwa ni sauti, kwa wasiosoma. Mtu atabipu, mfumo utampigia na kumsomea somo, gharama iwe ya chuo. Bajeti ya muda wa maongezi bado inajadiliwa. Rekodi za Kiswahili na Kisukuma zitaanza na somo la kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, kwa kuwa ndilo kinamama wa Igombe waliloomba wenyewe.