Ukitoka Arubaini, Pima Sukari

Mzazi aliyekuwa na sukari ya mimba (kisukari kinachoanza wakati wa ujauzito) akishajifungua, sukari hushuka, dawa husimamishwa, watu husema imekwisha. Lakini hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi ni karibu mara mbili ya mwenziwe ambaye hakuwa nayo, na huanza kujitokeza ndani ya miaka 10 ya mwanzo. Hata asipopata kisukari cha kudumu, hatari hiyo haimtoki yote.

Kipimo cha kwanza ni wiki ya 6, arubaini ikitoka tu. Wiki hiyo hiyo mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo: yeye hudungwa, mama hurudi nyumbani hajaguswa. Usiondoke. Mwambie nesi ulikuwa na sukari ya mimba na unataka kipimo cha kunywa glukosi.

Hufanywa asubuhi, hujala kwa masaa 8 au zaidi. Maji peke yake, hata chai ya rangi iache. Unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi ndani ya dakika 5, unakaa kitako masaa 2, unatolewa tena. Wengi huharibu hapo katikati: anakunywa, anapitia soko la Kongowea kununua nyanya, kisha anarudi. Kutembea huchoma sukari, na majibu huwa mazuri ya uongo. Ukitapika, rudi siku nyingine.

Majibu husomwa kwa mmol/L: kabla ya glukosi, 7.0 kwenda juu ni kisukari. Baada yake, 11.1 kwenda juu. Kati ya 7.8 na 11.0 uko njiani kuelekea kisukari. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) usikitegemee wiki hizi, maana damu iliyopotea kwa uzazi hukishusha.

Ukitoka salama, bado upime kila mwaka, pamoja na presha na mafuta ya damu. Presha ipimwe umekaa dakika 5, mkojo umeshatoka, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure.

Wali wa nazi hatukukatazi (nani atatusikiliza?). Uwe robo ya sahani, kwa tui jepesi, na nusu nzima iwe mchicha au kachumbari.

Moyo wa mwanamke haulalamiki kifuani kila mara. Uchovu wa ghafla, pumzi kukata, maumivu ya taya au mgongo pamoja na jasho baridi: usiseme ni gesi ukanywa tangawizi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.