Meli Ikiingia Tanga

Majirani zangu hapa Njoro, Moshi, wakisikia kwamba nilizaliwa na kulelewa Tanga, huanza kunisifia ufukwe, madafu na upepo wa bahari, kana kwamba utoto wangu wote ulikuwa likizo. Siwalaumu, kwa maana watu wengi wa bara wameijua bahari kwa kuitembelea. Lakini mtoto wa kuli aliyekulia Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, katika miaka ya sabini aliijua bahari kama mahali ambapo baba alikwenda kazini, na ambapo posho ya nyumba ilipatikana au ilikosekana. Huku Kilimanjaro familia ya mkulima ilipanga mambo yake kwa msimu wa kahawa: ada, bati la kuezekea, hata harusi. Sisi tulipanga kwa meli.

Katika bandari ya Tanga ya wakati ule meli kubwa haikufunga gatini. Kina cha maji kando ya gati kilikuwa kidogo, kwa hiyo meli ilitia nanga ndani ya ghuba na mizigo yote ikapitia kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo kati ya gati na meli. Robota la katani lenye kilo 250 lilitolewa ghalani, likasogezwa gatini, likainuliwa kwa kreni na kuteremshwa ndani ya tishari; tishari likavutwa na boti hadi ubavuni mwa meli, na huko genge jingine la makuli, waliosimama juu ya mzigo unaoyumba kwa mawimbi, wakalifunga robota kwa kamba nene ili winchi ya meli ilinyanyue. Wataalamu waliona mpango huo ni upotevu wa muda na fedha, na bila shaka walikuwa na haki. Hata hivyo, mzigo unaoshikwa mara mbili unahitaji mikono mara mbili, na mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyelalamikia jambo hilo.

Baba alianza kama kibarua wa kuchaguliwa langoni asubuhi, akaja kuajiriwa baadaye, lakini hata baada ya kuajiriwa tofauti kati ya wiki yenye meli na wiki isiyo na meli ilionekana waziwazi kwenye sahani. Sisi watoto tulikuwa wapelelezi. Tukitoka shule tulipitia Bustani ya Jamhuri, ambako mtu akisimama anaiona bandari yote chini yake, tukatazama kama kuna chombo kilichotia nanga, kisha tukakimbia kupeleka habari nyumbani. Mama hakuonyesha furaha wala huzuni. Aliuliza tu kama meli imekaa juu au imezama. Iliyokaa juu ilikuwa tupu na ilikuja kuchukua, iliyozama ilikuja kushusha, na kwa jibu hilo aliweza kukisia baba angekuwa na kazi ya siku ngapi. Baada ya hapo ndipo alipoamua kama aende dukani kukopa mchele au aendelee na mihogo ya nazi. Mwenye duka naye alikuwa na habari zake za bandarini, na nina hakika daftari lake la madeni lilifuata ratiba ya meli kuliko kalenda.

Baba hakuwa msemaji, lakini nguo zake zilisema. Siku za katani alirudi na nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye shati na nywele, na mama alikuwa akimketisha kwenye kigoda uani na kuzichomoa moja moja kabla hajamruhusu kuingia ndani, kwa sababu nyuzi zile zikishaingia kwenye godoro huwasha usiku kucha. Siku za mbolea alirudi macho mekundu, na hatukuruhusiwa kumkumbatia mpaka aoge. Siku za saruji maji ya kuogea yalibadilika rangi yakawa kijivu, nasi tuligombea nani ayamwage. Kahawa ndiyo tuliyoipenda, ingawa kahawa mbichi hainukii kama watu wanavyodhani; harufu yake inakaribia ile ya nyasi kavu na gunia. Kulikuwa pia na mahindi ya njano kutoka Marekani, yaliyoletwa nchini wakati wa njaa ya mwaka 1974, ambayo baba aliyashusha mchana na sisi tukayala jioni kama ugali wa yanga. Naukumbuka ugali ule bila mapenzi yoyote.

Babu, aliyekuwa kuli kabla ya baba, alipenda kutukumbusha mgomo wa Agosti 1939, ambapo wafanyakazi wa bandari ya Tanga waliweka kulabu chini wakidai malipo bora. Alikuwa kijana wakati huo. Kila mara alipousimulia, idadi ya waliogoma iliongezeka, na bibi alikuwa akikohoa kidogo kutoka jikoni.

Mabadiliko ya mwaka 1977 niliyaona mwenyewe, ingawa kwa macho ya mtoto. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la bandari lililokuwa la nchi tatu likaondoka nayo, na Mamlaka ya Bandari Tanzania ikachukua nafasi yake. Mpaka wa Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983, na mizigo ya Kilimanjaro ambayo ingeweza kupitia Voi kwenda Mombasa ikawa haina njia hiyo tena. Wakati huohuo katani, iliyokuwa imezidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya sitini, ilikuwa ikiporomoka kwa sababu kamba za nailoni ziliteka soko. Wazee waliokaa barazani walibishana kama kahawa ya Moshi ingetosha kuziba pengo la katani ya Korogwe na Muheza. Haikutosha, na vijana wengi wa barabara yetu waliishia Dar es Salaam.

Moshi yenyewe niliijua kwanza kwa maandishi meusi kwenye magunia. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352, na katika akili yangu mji huu ulikuwa mwisho wa reli tu, mahali ambapo mabehewa yalikwenda kujazwa. Nilipopanda treni kuja huku kwa shangazi nilitazamia kuona maghala. Maghala niliyaona, na pia kiwanda cha kukoboa kahawa ambamo wanawake waliketi wakichambua punje kwa mkono, na jioni walitoka wamejaa vumbi na maganda begani, wakijipangusa kwa khanga kama mama alivyompangusa baba. Shangazi alishangaa kwamba nilikuwa nikiwatazama wale na si mlima.

Bandari ya Tanga imechimbwa katika miaka ya karibuni, kina cha maji kando ya gati kimefika mita 13, na meli sasa zinafunga gatini. Mdogo wangu, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyefuata kazi ya baba, anaendesha mtambo wa kunyanyulia makontena. Ananiambia kwamba meli ambayo zamani ingewapa watu kazi ya wiki nzima sasa inahudumiwa kwa siku chache, kwamba kazi imekuwa ya salama zaidi na mshahara unaingia benki kila mwezi, meli ziwepo au zisiwepo. Nimemuuliza hushusha nini siku hizi. Amenijibu kwamba kontena huja limefungwa, na anayejua kilichomo ni karani.