Nilivyorekebisha espreso ya mkononi iliyokuwa inavuja kwenye sili

Nina kifaa cha espreso cha mkononi, vile vya kupampu kwa dole gumba, unaweka kahawa upande mmoja na maji ya moto upande mwingine alafu unaminya mpaka kahawa itoke. Nakipenda sana hiki kifaa, kwahiyo kilipoanza kuvuja sikutaka kabisa kukiweka pembeni. Dalili zenyewe zilikuwa hivi: mkono unalowa wakati napampu, kahawa inatoka nyepesi, lile povu la kahawia la juu halipo tena, na pampu imekuwa laini, yaani unaminya na husikii ile nguvu inayosukuma kidole kirudi. Maelezo mengi niliyosoma yanasema tu badilisha sili, yaani ule mpira unaozuia maji kupita kwenye maungio, na yanaishia hapo, wakati kazi yote iko kwenye kujua ni sili ipi na ya saizi gani, ndo maana naandika.

Kwanza uelewe kwanini tundu dogo tu linaharibu kila kitu. Espreso inahitaji presha ya kama bar 9, hiyo ni karibu mara tisa ya presha ya hewa inayotuzunguka. Kwenye mashine kubwa ni mota inafanya hiyo kazi, ila hapa ni kidole chako na pistoni nyembamba. Wembamba wake ndo siri, maana nguvu ileile ikikandamiza eneo dogo presha inapanda zaidi. Chukua pistoni yenye kipenyo cha milimita 10, kuifikisha bar 9 unatakiwa kuisukuma kwa nguvu kama ya kubonyeza uzito wa kilo 7 na kidogo, mkono wa mtu unaweza. Sasa kila ukiminya yanasogea maji kidogo sana, kwahiyo hata matone machache yakipita pembeni ya pistoni umepoteza sehemu kubwa ya huo mminyo na presha haijengeki.

Kabla ya kufungua chochote hakikisha tatizo sio kahawa yenyewe. Kahawa iliyosagwa laini kupita kiasi au iliyoshindiliwa inaziba njia, presha inapanda mno na maji yanatafuta pa kutokea hata kama sili ni nzima. Alafu punje za kahawa zikibaki kwenye ukingo wa chujio, mpira haukai sawa. Mimi nilifuta ukingo vizuri na nikatumia kahawa iliyosagwa chengachenga zaidi, isiyo laini, bado ikavuja, basi nikajua ni sili.

Sehemu zinazoweza kuvuja ziko tatu: pale tanki la maji linapokutana na mwili wa kifaa, kwenye pistoni ya pampu, na pale chujio la kahawa linapofungwa. Nilikausha kila kitu, nikazungushia karatasi laini ya tishu kila maungio, nikapampu kwa maji ya baridi. Baridi kwa makusudi kabisa, maana maji ya moto yakiruka kwa presha hiyo yanaunguza. Na kahawa lazma iwepo ndani wakati wa kujaribu, bila kahawa hakuna kinachozuia maji, yanapita tu, presha haipandi na utadhani kifaa kimepona. Jicho lilikuwa linaniambia maji yanatokea chini karibu na chujio, lakini tishu ya kule chini ililowa mwishoni, iliyotangulia kulowa ni ile ya karibu na pampu, maana yake maji yalikuwa yanatoka juu na kuteremka yakifuata ukuta wa kifaa. Angalia na rangi pia, yaliyovuja kwenye chujio mara nyingi yanakuwa na rangi na vumbi la kahawa, yangu yalikuwa meupe kabisa. Basi, pistoni.

Kufungua sio kugumu, sehemu nyingi zinazungushwa kwa mkono tu. Piga picha kila hatua. Ndani kuna springi na vivalvu vidogo sana na kimoja kikigeuzwa upande pampu haivuti maji, kwahiyo nilikuwa napanga kila kitu kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano niliotolea. Kutoa ile oringi kwenye pistoni, yaani sili yenyewe, pete ndogo ya mpira, tumia kijiti cha meno cha mbao, usiguse na sindano wala ncha ya kisu, kwasababu mkwaruzo kwenye mfereji inamokaa oringi unakuwa njia ya maji ya kudumu na hakuna sili mpya itakayouziba. Njia nzuri ni kuisukuma oringi kwa vidole kutoka pande mbili mpaka iinuke kidogo, alafu unapitisha kijiti chini yake.

Ilipotoka nikaiona tatizo lake waziwazi. Oringi nzima ukiikata unene wake unatakiwa uwe duara, hii ilikuwa imelala, upande wa nje umekuwa bapa, na ilikuwa na mchubuko mmoja mdogo. Mpira unaobanwa muda mrefu kwenye joto unazoea ile hali ya kubanwa na haurudi tena, na ukishaacha kusukuma ukuta maji yanapita.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini kuliko pote: usichukue saizi kutoka kwenye oringi ya zamani, pima mfereji. Nilitumia kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo na unene, nikapima kipenyo cha ndani cha silinda, milimita 10, na kipenyo cha chini ya mfereji kwenye pistoni, milimita 6.7. Toa, gawanya kwa mbili, unapata nafasi ya milimita 1.65 ambayo mpira unatakiwa kuijaza na zaidi. Kwa oringi inayotembea kama hii ya pistoni mbano mzuri, yaani sehemu ya unene wa mpira inayominywa, unacheza kwenye asilimia 10 hadi 20, ikizidi pampu inakuwa nzito na mpira unalika haraka. Oringi ya unene wa milimita 2 ikiingia kwenye nafasi ya 1.65 inabanwa kama asilimia 17, hapo hapo. Ile ya zamani ilivyolala ilikuwa inapima 1.7 tu, na mtu akiifuata hiyo ataagiza ile saizi ya kawaida ya 1.78, ambayo mbano wake haufiki hata asilimia 8, itaziba mwanzoni alafu kuvuja kutarudi. Kipenyo cha ndani nikachukua 6.5, kidogo kuliko mfereji, ili mpira ujivute kidogo na ukae bila kulegea.

Upana wa mfereji wangu ulikuwa 2.7, mpana kuliko mpira, na hivo ndo inavyotakiwa. Huyu Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani na kupata hataza ya oringi mwaka 1939, moja ya mambo aliyogundua ni kwamba mfereji uwe mpana kuliko unene wa mpira, kama mara moja na nusu hivi, ili mpira upate pa kusogea. Presha ikija inausukuma mpira mpaka ukingoni mwa mfereji na kuukandamiza kwenye ukuta, yaani presha yenyewe inasaidia kuziba. Napenda sana hii akili, kitu kidogo hivi na kinashika bar zote hizo.

Upande wa aina ya mpira, rangi haikuambii kitu, nyingi ni nyeusi. Nitraili ni ya kawaida sana ila mwisho wake wa joto ni karibu nyuzi 100, kwa maji yaliyotoka kuchemka unakuwa kwenye ukingo kabisa. Silikoni inavumilia joto kubwa lakini inachanika kirahisi kwenye msuguano, iweke sehemu isiyotembea kama kwenye tanki. EPDM inapenda maji ya moto na mvuke, hiyo ndo nilichagua, ya kutumika kwenye chakula, ugumu wa 70 kwa kipimo cha ugumu wa mpira kinachoitwa Shore A. Ila EPDM na mafuta ya petroli ni maadui, ukiipaka yale mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini inavimba na kulegea. Mafuta ya kupikia nayo hapana, yanachacha na kunata. Tumia grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, na hiyo usiipake kwenye oringi ambayo yenyewe ni ya silikoni maana nayo inavimbisha.

Kabla ya kuvalisha mpya nilisafisha mfereji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na kijiti cha pamba, kulikuwa na utando wa kahawia wa mafuta ya kahawa, na kwenye silinda chokaa kidogo ya maji ambayo nililoweka kwenye asidi ya sitriki ikaachia. Suuza, kausha. Grisi ipake nyembamba mno, ile ya kufanya mpira ung'ae tu. Oringi iteleze mpaka kwenye mfereji bila kujisokota, ukipitisha kidole kuizunguka utasikia kama kuna sehemu imejipinda. Pistoni unaiingiza huku unaizungusha taratibu ili ukingo wa silinda usiumege mpira.

Nikafunga, nikajaribu na maji ya baridi na tishu zilezile, kavu zote. Mipigo michache tu pampu ikaanza kuwa ngumu kidoleni. Kahawa za mwanzo nilimwaga sababu ya harufu ya grisi, zilizofuata povu likarudi zito na la rangi nzuri, nilifurahi mno.

Ukibadilisha na bado inavuja, angalia silinda yenyewe kwa mwanga mkali na pitisha ukucha ndani kama unafika. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, hapo tafuta silinda mpya, kwasababu kila oringi utakayoweka itachanwa na hiyo alama.