Mjomba, mtihani wa uwakili na nusu tani ya korosho

Juzi ghalani, mbele ya wakulima waliokuwa wakisubiri korosho zao zipimwe, mjomba wangu alinitambulisha kwa jirani yake hivi: "Huyu mpwa wangu ni wakili, aliapishwa na Jaji Mkuu, lakini Marekani wamemrudisha darasa la saba, wamempa mtihani wa kuchagua herufi." Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa kumheshimu mjomba, ila usiku sikupata usingizi. Nimekuja Newala kwa likizo ya wiki tatu huku nikisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili wa jimbo la New York nilioufanya Julai, na kila simu inapolia tumbo linanikata.

Kwa kuwa mzaha huo umeshaenea mtaani, acha nieleze huo mtihani wa darasa la saba ulivyo. Hufanywa kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano ya mwisho ya Februari au ya Julai. Siku ya kwanza ni ya kuandika: kazi mbili za vitendo za dakika 90 kila moja, ambapo unakabidhiwa jalada la mteja uandae waraka kana kwamba uko ofisini, na insha sita za nusu saa nusu saa. Siku ya pili ndiyo ya herufi: maswali 200, mia asubuhi na mia mchana, saa tatu kwa kila mia. Ukipiga hesabu, kila swali lina dakika moja na sekunde 48, na swali lenyewe ni kisa kizima chenye majibu manne ambayo mawili yake hufanana kama mapacha. Maswali 25 kati ya hayo ni ya majaribio tu na hayahesabiwi, lakini huambiwi ni yapi, kwa hiyo yanakutoa jasho lilelile. Ili ufaulu unatakiwa upate alama 266 kati ya 400.

Sheria ya ardhi ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Mikataba niliielewa upesi, maana sheria yetu ya mikataba ilitufikia kutoka India kwa mkono wa Mwingereza, na mizizi yake ni ileile ya Wamarekani. Kwetu Tanzania, hata hivyo, umiliki wa ardhi wa milele ulifutwa mwaka 1963. Ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini, na raia hupewa haki ya kuitumia. Sikuwahi kushika jalada la mtu anayemiliki udongo wenyewe, yeye na vizazi vyake, na sasa nililazimika kukariri kanuni za makabaila wa Uingereza ya kale kuhusu urithi wa watoto ambao hawajazaliwa. Nilizisoma usiku baada ya zamu ya kazi, na mwezi wa mwisho nilikuwa nikigutuka saa tisa usiku nikibishana na nafsi yangu kati ya B na C.

Wanasheria wenzangu mnaoitamani njia hii, anzeni kushughulikia nyaraka mwaka mzima kabla, kwa kuwa hutakiwa zitumwe na chuo chenyewe, na mimi nilizungushwa miezi minne na karani mmoja kwa karatasi moja. Ada ya aliyesoma nje ya Marekani ni dola 750, wakati aliyesoma hukohuko hulipa 250, na ukifeli unalipa upya. Aliyepita Shule ya Sheria nyumbani, ambako mwenye shahada husomea uwakili, hasa mwaka 2022 ambapo waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633, anaijua hofu ya matokeo. Ya ugenini ina nyongeza yake: hakuna wa kufeli naye.

Jana jioni mjomba aliniita barazani, akataka nimsomee swali moja. Nikamtafsiria: mzee kaacha shamba kwa binti yake maadamu yu hai, na binti akifa liende kwa watoto wake watakaofikisha miaka 25, mzee kafariki, shamba ni la nani? Nikamtajia majibu yote manne. Aliyasikiliza huku akibangua korosho za kuchoma, kisha akauliza, "Mikorosho aliipanda nani?"

Nikamwambia swali halisemi.

"Basi jibu halimo. Na mjomba wa hao watoto yuko wapi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Akaniacha nimalize, akauliza nikifeli itakuwa shilingi ngapi. Nikamjibu kwamba ni karibu milioni mbili. Aligawanya kichwani kwa bei ya elfu nne kwa kilo, akapata karibu nusu tani ya daraja la kwanza, akakung'uta maganda mapajani.

"Mnada mwingine ni wiki ijayo," akasema. "Usiwaambie wale wa ghalani."