Kama inaomba ruhusa

Jumanne usiku Bi Mkubwa aliniambia sentensi moja, na leo Jumamosi bado ninayo. Hapo katikati jicho lake limefunguliwa bandeji na daktari ameridhika, matokeo ya Imani yametoka (amefaulu, asanteni mlioulizia), na kule kazini bosi amehamishwa. Yote yamepita. Sentensi ya mama haijapita.

Mnajua nilivyohangaika na ile besi, yaani sauti nzito, ya spika zangu za sebuleni, inayovuma kama lori limesimama nje na injini inawaka. Jumapili niliweka maikrofoni ya kupimia kwenye kiti changu, usawa wa sikio, nikapiga ile sauti inayopanda kutoka 20 Hz (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000 Hz, na grafu ikanionyesha mchawi: kilele cha desibeli 9 (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale 41 Hz. Hesabu yake si ngumu. Chumba kina urefu wa mita 4.2, kwenda na kurudi ni 8.4, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, gawanya, unapata 41. Kiti changu kimeegemea ukuta wa nyuma, na mawimbi ya aina hiyo hujirundika ukutani. Nikatengeneza filta, yaani kichujio cha kwenye programu kinachopunguza sauti mahali unapotaka, nikakata desibeli 9. Juu ya 300 Hz sikugusa kitu. Mara ya kwanza niliiachia programu inyooshe mpaka juu kabisa, waimbaji wote wakawa kama wana mafua. Mstari wa grafu ukanyooka. Nikaupiga picha. Ndiyo, nilipiga picha mstari.

Jumanne nikamwekea mama wimbo wake wa zamani. Akasikiliza ubeti mzima ameinamisha kichwa, kisha:

"Mwanangu, mbona redio sasa inaimba kama inaomba ruhusa?" (Kwake kila chenye spika ni redio.)

"Mama, hii ndiyo sauti yenyewe. Ile ya mwanzo chumba kilikuwa kinatia chumvi."

"Haya."

Basi. Na hiyo haikuwa "haya" ya kukubali. Ni ile aliyokuwa akinipa utotoni nikimwambia nimeshapiga mswaki. Nimeisikia tena bafuni, kwenye foleni, katikati ya kikao cha kumuaga bosi. Kama inaomba ruhusa. Jumatano nilipata jibu zuri la kumpa, saa sita usiku nikapata zuri zaidi. Lilikuwa na neno "desibeli" mara tatu.

Alhamisi nikajipa moyo kwamba tatizo ni ukubwa wa sauti tu. Nilikuwa nimeishusha sauti nzima kwa tahadhari nilipoweka filta, na sikio lina tabia ya kuona cha chini ni kibaya hata kikiwa safi. Nikarudisha kilichopungua. Nikaketi kwangu: tamu. Nikaenda kuketi kwake.

Jamani.

Kiti chake tulikihamisha tangu operesheni, mbali na dirisha kwa sababu mwanga unamchoma, na kimeangukia karibu katikati ya urefu wa chumba. Ile 41 Hz inayojirundika ukutani, katikati hujifuta. Nilipopima hapo nikakuta bonde. Kwangu ilizidi, nikapunguza. Kwake ilikuwa kiduchu, nikamnyang'anya hata hicho. Na hapo 41 Hz ndipo unapolia waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa. Kwenye wimbo ule mpiga besi anaurudia waya huo mara kwa mara, kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Nimemtoa mtu kwenye bendi, halafu nikamweleza mama kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe.

Bonde lenyewe halijaziki kwa filta. Ukiongeza desibeli 10 amplifaya inadaiwa nguvu mara 10, na wimbi linalorudi kutoka ukutani nalo linakua vilevile, yanafutana tena. Nikasogeza kiti chake nyuma, hatua moja na nusu. Nikapima sehemu sita kuzunguka viti vyote viwili, nikakata desibeli 4 badala ya 9. Kwangu lori limerudi kidogo. Acha liwake. Mstari sasa una milima, sikuupiga picha.

Jana usiku nikamwekea tena, bila kumwambia nilichofanya. Akasikiliza mpaka mwisho. Mimi najifanya nasoma. Ukaisha, kimya, nikageuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

"Punguza kidogo, Imani amelala."

Nikapunguza. Mama Imani anasema nimuulize tu. Siwezi kumuuliza, akisema "haya" nitafanyaje?

Halafu lile jino la nyuma nililoziba, tangu asubuhi linasikia maji baridi.